Kaza, lakini kaza hadi wapi? Kiswahili cha gereji na pengo katika kamusi zetu

KITENZI “kaza” ni miongoni mwa vitenzi ambavyo mtu hujifunza mapema na kudhani amevimaliza. Tunakaza kamba, tunakaza mshipi, tunakaza mwendo, tunakaza macho, tunakaza moyo. Wenzetu wa Tanzania, mfuko ukiwa mtupu, husema vyuma vimekaza. Sisi wanaisimu nasi tumetoa humo neno “mkazo”, tukalipa kazi ya kutaja silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko zenzake, ambayo katika Kiswahili kwa kawaida huwa ya pili kutoka mwisho.

Leo nataka kukihoji kitenzi hiki mahali ambapo wataalamu wa lugha hatupiti sana: juu ya injini ya gari dogo iliyofunguliwa, fundi akiwa ameshika spana, na bolti kumi za hedi zikisubiri kukazwa. Msomaji asiseme profesa ameacha fani yake akahamia jua kali. La hasha. Nina hoja ya lugha, na hoja yenyewe ni kwamba Kiswahili chetu cha ufundi kinapimwa vibaya. Tunahesabu majina ya vitu tuliyo nayo, tunajipongeza, kisha tunamwacha fundi bila sentensi moja anayoweza kuifuata hadi mwisho bila kuharibu injini ya mtu.

KWA NINI TAKABA

Nimechagua kuifikiria hoja hii kutokea Takaba, makao ya Mandera Magharibi. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Takaba iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi na karibu kilomita 190 kutoka mji wa Mandera. Na njia za huko, kama wanavyojua waliozisafiri, hazijanyooka. Mtu aliye Nairobi akiunguza gasketi ya hedi hupoteza pesa na siku mbili tatu. Akiwa kati ya Takaba na Mandera, jua limesimama utosini, ndani ya gari mna mama mjamzito anayepelekwa hospitalini, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Takaba ina faida ya pili kwa mtafiti wa lugha. Wenyeji wengi ni Wagarre, na katika familia na soko utasikia Kigarre, Kiborana na Kisomali. Kiswahili kimefika huko kikiwa lugha ya shule, ya serikali na ya barabara: lugha ya dereva wa lori, ya askari wa kizuizini na ya mwenye duka la spea aliyepigiwa simu Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Takaba anayejifunza ufundi ana haki ya kutarajia kwamba Kiswahili kitamfaa kwa jambo zaidi ya insha na mashairi ya mtihani. Mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama ndipo udhaifu wa maelezo hujitokeza haraka. Mswahili wa Mombasa huziba pengo la sentensi mbovu kwa mazoea yake ya tangu utotoni. Aliyejifunza lugha akiwa na miaka minane hana cha kuzibia. Anafuata kile kilichoandikwa.

SENTENSI YA KWANZA: TAFSIRI YA NENO KWA NENO

Tuchukue injini ambayo karibu kila fundi wa nchi hii ameigusa, ile ya Toyota inayoitwa 1NZ-FE, ya ujazo wa lita 1.5, inayopatikana katika Probox, Vitz na Corolla kadhaa. Hedi yake hufungwa kwa bolti 10. Maelezo ya mtengenezaji ni mafupi, na mtu akiyatafsiri kwa namna iliyozoeleka siku hizi, iwe kwa mkono au kwa programu ya simu, hupata sentensi kama hii ambayo nimeiunda mwenyewe kwa mfano wa nyingi nilizozisoma:

“Kaza bolti za kichwa cha silinda hadi nyutoni-mita 29 kwa mfuatano ulioonyeshwa. Kisha kaza nyuzi 90, halafu kaza nyuzi 90 tena.”

Kisarufi haina kosa. Upatanisho wa ngeli uko sawa, hakuna neno la Kiingereza, na mwalimu wa shule angeitia alama ya vyema. Lakini kwa fundi sentensi hii ni mtego wenye mitambo minne.

Kwanza ni “kichwa cha silinda”. Injini hii ina silinda nne na hedi moja inayozifunika zote. Anayesoma “kichwa cha silinda” bila kuijua kazi hii anaweza kutafuta vichwa vinne. Fundi wa Takaba, wa Garissa na wa Gikomba husema “hedi”, naye hana shaka hedi ni ipi.

Pili ni “nyuzi”. Katika vitabu vya sayansi nyuzi ni vipimo vya joto na vya pembe. Lakini bolti nayo ina nyuzi zake, ile michirizi iliyochongwa kuizunguka, na wako wengi wanaoiita hivyohivyo. Basi mtu akiambiwa “kaza nyuzi 90” ilhali ameshika kitu chenye nyuzi, aelewe nini? Na ukimkimbilia “digrii”, ambalo wengine wanalipendelea, unakutana na neno ambalo Wakenya wengi wanalijua kama karatasi ya chuo kikuu. Kiswahili kina neno la zamani na zuri kwa michirizi ya bolti, “hesi”. Tungelitumia hilo, nusu ya utata ingeondoka.

Tatu ni “tena”. Katika mazungumzo “kaza tena” huweza kumaanisha “rudia kukaza vilevile” au “ongeza kukaza”. Mtu akirudia ili kuhakikisha tu kwamba ile robo ya kwanza imefika, ameacha bolti zote kumi zikiwa na upungufu wa robo nzima ya mzunguko. Mwingine ataongeza. Sentensi haimlazimishi yeyote kati yao.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, ni kitenzi chenyewe. “Kaza” imetumika mara tatu. Mara ya kwanza ina maana ya “tia nguvu hadi kipimo cha nguvu kifikiwe”. Mara ya pili na ya tatu ina maana ya “izungushe bolti kiasi hiki cha mzunguko, bila kujali nguvu utakayotumia”. Hivi ni vitendo viwili tofauti, vinavyotumia vifaa viwili tofauti na kupimwa kwa njia mbili tofauti. Lugha imevipa jina moja.

KINACHOTENDEKA NDANI YA BOLTI

Ili msomaji aone kwamba sichezi na maneno tu, tuingie kidogo katika kazi yenyewe. Hedi hukaa juu ya bloku, na kati yake mna gasketi. Ndani humo pana moto wa mlipuko kwenye silinda, maji ya kupoza injini na oili, na vyote vitatu vinatakiwa visikutane. Kinachovitenganisha ni ile gasketi, na kinachoifanya gasketi ishike ni ubanaji ulio sawa pande zote. Ubanaji usipokuwa sawa, maji huingia kwenye oili na oili huwa kama chai ya maziwa, au moto hupenya kwenye maji na gari likachemsha. Hedi ya alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda, na iliyopinda haiwezi kukaa sawa juu ya bloku mpaka ipelekwe kusawazishwa kwa mashine.

Bolti ndiyo inayofanya ubanaji huo, na inaufanya kwa kunyooka kidogo sana kama mpira uliovutwa. Inapotaka kurudi katika urefu wake, huivuta hedi chini. Sasa, nguvu anayoitia fundi kwenye spana haiendi yote katika kuivuta bolti. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, takriban sehemu tisa kati ya kumi huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye hesi zake. Ni sehemu moja tu inayobaki kufanya kazi ya kubana. Hesi zikiwa na kutu au mchanga, msuguano hupanda, spana hugoma mapema, fundi huona bolti imekaza, na kumbe haijabana chochote cha maana.

Ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi hawategemei nguvu peke yake. Kwanza hutaka nguvu ndogo, ya kuzifanya bolti zote zianze kazi kwa usawa. Baada ya hapo hutaka mzunguko. Umbali ambao bolti husogea ikizungushwa robo moja unategemea mchongo wa hesi, nao haubadiliki kwa sababu ya kutu au oili. Robo ni robo.

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo hatuitumii. Tuna “kaza” na tuna “bana”. Bolti hukazwa, hedi hubanwa. Kukaza ni kitendo cha mkono, kubana ni tokeo ndani ya chuma. Bolti inaweza kukazika bila kubana. Fundi anayeielewa sentensi hiyo fupi ameshaelewa kwa nini mtengenezaji anamtaka asafishe hesi, apake oili kidogo, na apime mzunguko badala ya kuamini uchungu wa bega lake. Ni tofauti ambayo lugha yetu iliibeba kabla injini hazijafika pwani, na bado nyaraka zetu za ufundi zinayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha.

SENTENSI YA PILI: LUGHA YA FUNDI

Upande wa pili yupo fundi mwenyewe. Huyu haandiki, husema. Mafunzo ya gereji yetu huenda kwa mazungumzo ya namna hii:

“Kaza hiyo ya katikati.”
“Nimekaza, mzee.”
“Kazia.”
“Mpaka wapi?”
“Mpaka ikubali. Lakini usikaze sana, itakatika.”

Wasomi wengi wakisikia maneno haya hucheka, au huyaona kuwa Kiswahili cha vichochoroni. Mimi nasema tuyasome kwa makini kama tunavyosoma maandishi mengine. Yana sifa ambazo ile tafsiri safi haina. Yanamtaja mtendewa kwa kumwonyesha. Yanakwenda hatua kwa hatua. Yanatofautisha “kaza” na “kazia”, ambapo kiambishi cha kutendea kimepewa kazi ya kuonyesha nyongeza juu ya kilichokwisha kukazwa. Tena yanabeba onyo. Anayesema hivi anajua kwamba bolti ina mwisho wake.

Udhaifu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa. “Mpaka ikubali” na “usikaze sana” vimehifadhiwa ndani ya mkono wa mzee. Mwanagenzi akiwa kando yake kwa miaka mitatu, mkono wake utajifunza. Akiondoka kwenda kufungua gereji yake mwenyewe, amebeba maneno bila kipimo. Isitoshe, mkono wa mzee ulifundishwa na injini za zamani, zenye bloku za chuma kizito na bolti nene zilizovumilia kukazwa kwa nguvu. Injini kama 1NZ-FE ina bloku ya alumini. Ukiikaza kwa mkono wa lori, hesi zilizo ndani ya bloku hutoka pamoja na bolti. Neno ni lilelile, “mpaka ikubali”, ila kinachokubali kimebadilika.

NOMINO NYINGI, VITENZI VICHACHE

Sasa tuwageukie watu wa kwetu, yaani watunga kamusi na wakuza istilahi. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iundwe mwaka 1930, kupitia kwa TUKI na BAKITA katika miaka ya 1960, kazi kubwa imefanyika, na mimi si mmoja wa wale wanaoibeza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 zimewalea walimu wa kizazi changu. Lakini kamusi ya istilahi kwa desturi yake hukusanya nomino. Mtu huanza na orodha ya majina ya Kiingereza, kisha hutafuta jina la Kiswahili la kuweka mbele ya kila moja. Kazi inaisha pale orodha inapoisha.

Tatizo ni kwamba majina ndiyo kitu ambacho gereji haijawahi kukosa. “Parafujo” tuliipata kwa Wareno, na “bomba” vilevile. “Gari” limetoka Bara Hindi, nao Wasomali wanasema “gaari”. “Usukani” ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujahamia kwenye lori. “Spana”, “nati”, “injini”, “gasketi” na “hedi” zimetoka kwa Waingereza. Kitu kikifika kituoni Takaba ndani ya boksi, jina lake linafika nalo, na kufikia jioni limeshapata ngeli na wingi. Wanaotumia nguvu zao kupigana na “hedi” ili waweke “kichwa cha silinda” wanajenga ukuta upande ambao hakuna adui.

Vitenzi haviji ndani ya boksi. Kukaza kwa kipimo, kukaza kwa mzunguko, kushikiza kabla ya kukaza, kulegeza kwa zamu: haya ni mambo ambayo lugha inapaswa kuyapanga yenyewe kutokana na mali yake. Hapa ndipo kamusi zetu zinapomwacha mtumiaji. Atakuta “kaza” imeelezwa kwa ujumla kuwa ni kufanya kitu kisilegee, na mifano ya kamba na mikanda. Hapati msaada wa kuamua atumie “kaza”, “kazia”, “bana”, “shikiza” au “zungusha” anapoandika maelezo ya kazi ambayo kosa lake hugharimu injini.

SENTENSI YA TATU

Mhakiki anayebomoa bila kujenga hana shukrani. Hebu tujaribu kuandika maelezo yaleyale kwa mali iliyopo, bila kubuni neno hata moja:

“Safisha matundu ya bolti kwenye bloku mpaka yakauke. Paka oili kidogo kwenye hesi za kila bolti na chini ya kichwa chake. Shikiza bolti zote 10 kwa mkono. Anza na bolti ya katikati katika kila safu, kisha uende nje kwa mshazari, upande huu na upande ule, hadi zile za pembeni. Kwa mpangilio huo, kaza kila bolti kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 29. Tia alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, upande unaotazama mbele ya injini. Kwa mpangilio uleule, zungusha kila bolti robo mzunguko. Ukimaliza zote, zungusha kila moja robo nyingine. Sasa alama zote ziwe zinatazama nyuma ya injini.”

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na urefu huo una sababu zake. Tuangalie kilichobadilika.

Vitendo vitatu vimepata vitenzi vitatu. “Shikiza” ni kuifanya bolti ishike tu, kama kishikizo cha shati, bila nguvu. “Kaza” imebaki na maana moja, ya kufikia kipimo cha nguvu. “Zungusha” imechukua hatua ya mwisho, ambako hatujali spana inalia vipi bali imekwenda umbali gani. Nyuzi 90 zimekuwa “robo mzunguko”, na sijui mtu yeyote wa Takaba anayenunua robo kilo ya sukari ambaye hajui robo ni nini. “Tena” imetupwa, ikaja “nyingine”, ambayo kwa sababu ya upatanisho wake inashikana na “robo” na kukataa maana ya kurudia. Na ile alama ya rangi, ambayo mtengenezaji mwenyewe anaitaka, inampa fundi namna ya kujisahihisha: akiona alama tisa zinatazama nyuma na moja inatazama ubavuni, anajua ni bolti gani iliyosahaulika, hata kama hajui kusoma.

Zile amri mbili za mwanzo nazo zina uzito. Tundu la bolti likibaki na maji au oili ndani, bolti inaposhuka hukisukuma kioevu kisicho na pa kwenda wala kisichokubali kushindiliwa, na bloku inaweza kupasuka. Tafsiri fupi huliacha jambo hili kwa kudhani fundi analijua. Fundi mzee analijua. Mwanagenzi halijui, na maelezo huandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Kwa nini tuanze katikati? Anayetandika mkeka anajua. Ukiunyoosha kutoka kingo zote kuja ndani, mkunjo hukusanyika katikati na hautoki. Ukianza katikati, unausukuma nje hadi uishe. Hedi na gasketi ni hivyohivyo. Na kwa nini kwa mshazari, upande huu na upande ule? Muulize mfugaji anayefunga mzigo juu ya ngamia. Hakazi kamba za upande mmoja zote ndipo ahamie wa pili, maana mzigo utalala ubavuni kabla hajazunguka. Wakati wa kufungua, mpangilio hugeuzwa: unalegeza kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, ili hedi isipinde.

Imebaki nyutoni-mita, na hapa sikubaliani na wanaodhani kizio kigumu kifichwe. Kizio kielezwe. Shika mpini wa mita moja, ulale sawasawa na ardhi, ning’iniza kwenye ncha yake jerikeni lenye lita tatu za maji: nguvu inayozungusha upande wa pili ni kama nyutoni-mita 29. Mpini ukiwa wa nusu mita, utahitaji lita sita. Mtu akishaliona hilo hatadharau namba tena. Wala hatachanganya vizio, jambo ambalo ni hatari ya kweli kwa sababu spana nyingi za kipimo zina mistari miwili, mmoja wa nyutoni-mita na mwingine wa futi na ratili za Kiingereza. Ukisoma 29 kwenye mstari usio wake, umekaza kwa nyutoni-mita 39 hivi, yaani zaidi ya theluthi ya ziada kabla hata hujaanza kuzungusha. Kila injini, bila shaka, ina namba zake, na namba za 1NZ-FE si za kupelekwa kwenye gari jingine. Kinachohamishika ni muundo wa sentensi.

PINGAMIZI MBILI

Najua nitaambiwa kwamba mafundi wana video siku hizi, na picha inasema yote. Picha husema mengi, ndiyo. Inaonyesha bolti iko wapi na ipi ianze. Lakini mkono unaozungusha spana kwenye video hauonyeshi kama unatafuta nguvu au unatafuta mzunguko. Tofauti hiyo huonyeshwa na kitenzi cha msemaji, na msemaji akisema “kaza” mara tatu tumerudi tulikoanzia.

Nitaambiwa pia kwamba ufundi una Kiingereza chake, basi vijana wajifunze hicho. Wajifunze, sipingi. Ila kijana aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu ya ukame hatangojewa na injini mpaka amalize Kiingereza. Injini iko mbele yake leo, na mwenye gari amesimama pale akiangalia saa. Lugha ambayo wote wawili wanayo ni Kiswahili, cha huyu kikiwa cha barabarani na cha yule kikiwa cha dukani. Hicho ndicho tunachotakiwa kukifanya kitoshe.

Kila Julai 7, tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka 2021, tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngonjera. Sioni ubaya. Ningependa tu kwamba katika maadhimisho mojawapo mtu alete karatasi moja ya maelezo ya kukaza bolti za hedi, iliyoandikwa na mwanaisimu na fundi wakiwa wameketi benchi moja, ampe mwanagenzi wa Takaba, Garissa au Lodwar, kisha anyamaze na kutazama. Mwanagenzi akisimama katikati ya kazi kuuliza “hapa inamaanisha nini?”, sentensi hiyo irudi mezani. Alama zote kumi zikiishia kutazama nyuma ya injini, tutajua Kiswahili kimefanya kazi. Ni mtihani mkali kuliko tunaowapa wanafunzi wetu wa uzamifu, na sijui ni kamusi ngapi zingeupita.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Pembamba pa Kiswahili cha ufundi ni kwenye vitenzi, nasi tumekuwa tukiongeza uzi kwenye nomino. Juma lijalo, inshallah, nitaendelea na “funga” na “fungua” katika maelezo ya dawa za hospitali, ambako nako mambo si mepesi.